Nyumba Katikati ya Ngitili

Nikisikia harufu ya majani marefu yaliyopigwa na jua la saa saba mchana, majani ambayo hayajakatwa wala kukanyagwa na mnyama, kinywa hunikauka. Kwa watu wengi wa huku kwetu Bariadi hiyo ni harufu ya heri. Mwenye ng'ombe akiivuta puani anajua ndama wake watafika salama hadi mvua. Mimi hunirudisha kwenye mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka tisa, tulipokaa peke yetu katikati ya majani kama hayo: baba, mama, mdogo wangu Limi na mimi. Sasa mimi ni bibi. Nimelima pamba, nimezaa, nimezika mume, na miaka yote hiyo sikumsimulia mtu kilichotupata pale. Sikuwa naficha. Niliona tu kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na mtu mzima hakai akiwaonyesha watu mahali yalipomwagikia. Lakini mwaka huu binti yangu, anayerudi kutoka Ujerumani na mume na watoto wawili, alinituma nimtafutie mahali pa kukaa, na mahali penyewe pamenilazimisha nifungue kinywa.

Sisi pia tuliwahi kuwa familia inayorudi kutoka ng'ambo, ingawa ng'ambo yetu ilikuwa Kenya tu. Baba alizaliwa Nkoma, akaondoka kijana, akaenda kufanya kazi ya reli Nakuru. Huko akamwoa mama, mtu wa Kakamega, na huko tukazaliwa sisi, kwenye kota za reli, nyumba za mawe zilizopangwa kama meno, kila mlango na namba yake na kila nyumba na bomba lake la maji. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa, baba aliambiwa arudi kwao. Tulirudi na masanduku mawili ya bati, cherehani na baiskeli. Kisukuma cha baba kilikuwa kimeshika kutu, na mama hakujua hata kuitikia salamu. Mtu akimwambia mwangaluka asubuhi, alijibu asante. Baba akapata kazi ya fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba mjini Bariadi, na hapo ndipo alipokuja na wazo lake. Alisema hatutakaa mjini, na hatutakaa kijijini kama watu wa jembe. Tutakaa pembeni, mahali ambapo mwanamume anaondoka asubuhi kwa baiskeli kwenda kazini na kurudi jioni kwenye nyumba yenye hewa, kama alivyowaona mabwana wakubwa wa reli kule Nakuru. Huku hakuna aliyekuwa amewahi kusikia jambo hilo. Watu walilala pale walipolima, wakalima pale walipolala.

Tulifikia Ngulyati kwa shangazi, dada yake baba, na Jumapili tatu mfululizo baba alimpakia mama nyuma ya baiskeli, mimi nikakaa kwenye bomba la mbele, Limi akabaki na shangazi. Jumapili ya kwanza tulitazama chumba karibu na kiwanda. Hewa ya pale ilijaa nyuzi za pamba. Zilikaa kwenye nyusi, zikaingia kwenye uji, zikanata ulimini, na mbegu zilizorundikwa uani zilitoa harufu ya mafuta yaliyochacha. Mama alipiga chafya mara nne, akasema hapana. Jumapili ya pili tulitazama hapo hapo Ngulyati, jirani na shangazi, penye nyumba zilizosogeleana, mbuzi wanaolala mlangoni, moshi usioisha, na wanawake wanaoingia jikoni kwako kufunua chungu kabla hata hawajakaa. Mama alimwambia baba kwamba mahali pale mtu hawezi hata kujikuna bila kuulizwa anawashwa na nini. Jumapili ya tatu tulishika njia nyingine, na karibu nusu saa kutoka mjini tukapaona. Majani yalinifika kifuani, ya kijani kibichi, yakiinama na kuinuka kwa upepo. Palikuwa na migunga michache, na kijito chembamba upande wa chini, na barabara ilionekana lakini vumbi lake halikufika. Hapakuwa na nyumba hata moja, wala shamba. Mama alishuka kwenye baiskeli kabla haijasimama vizuri, akatembea ndani ya majani yale mikono imenyooshwa pande zote kama mtu anayepima kitambaa.

Hakujiuliza kwa nini, katika nchi ambayo jembe limegusa kila hatua na ng'ombe wamekula hadi mzizi, kuna majani yanayosimama bila kuguswa. Watu wa bahari husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi hatuna bahari, lakini neno ni lile lile: ukiona majani yamesimama, yana mlinzi. Pale palikuwa ngitili. Ngitili ni majani yaliyofungiwa. Mvua zikianza, wazee hukubaliana kwamba eneo fulani halitakanyagwa na ng'ombe wa mtu yeyote, hata wa mwenyekiti, mpaka kiangazi kiwe kikali. Hapo ndipo wanapoingizwa ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia. Ngitili haina ukuta wala kibao. Ukuta wake ni haya ya mtu. Na miaka michache kabla hatujafika, watu wa kitongoji cha pale walikuwa wamehamishwa kwa amri ili wakae kwenye nyumba za mistari, na mistari hiyo ikameza ngitili zao zote isipokuwa hiyo moja. Jina la kitongoji nalihifadhi. Wajukuu zao wako hai na tunasalimiana sokoni.

Mama hakujua. Baba alijua. Nalisema hili kwa sababu nilikuwepo. Jioni ya Jumapili ile shangazi alikuwa anapepeta mtama, baba anaziba pancha ya baiskeli, mimi nimemshikia beseni la maji. Shangazi aliposikia tumepachagua wapi, aliacha kupepeta.

"Kaka, ile ni ngitili."

Baba hakuinua kichwa. "Ni majani, dada. Majani ni majani."

Shangazi akageuza mambo kuwa utani, kwa sababu mama alikuwa anakaribia. Akamwambia, "Wifi yangu, umechagua kwa macho ya mbuzi." Mama akacheka sana, akasema mbuzi hakosei penye chakula. Baadaye nilimuuliza shangazi ngitili ni nini, akanijibu kwamba ni chakula cha kiangazi cha ng'ombe, na ng'ombe wana wenyewe. Ningeweza kumwambia mama neno hilo usiku ule ule. Sikumwambia. Nilikuwa nimechoka kulala na watoto sita kwenye ngozi moja, na niliitaka nyumba ile kuliko hata yeye. Nilikuwa mtoto, ndiyo. Lakini mtoto naye anajua anapofumba mdomo kwa faida yake.

Kama baba angekwenda kwa wazee na jembe begani, akakaa chini, akaomba, labda wangemwonyesha mahali pengine, na labda wangemsaidia kujenga. Yeye alikwenda ofisini. Huko alimkuta mtumishi mgeni, asiyejua ng'ombe analala wapi, akapewa karatasi yenye mhuri ya kumruhusu kujenga pale. Baba aliivika mfuko wa nailoni, akaenda nayo kwa Mzee Masanja, ambaye shamba lake la pamba lilikuwa ng'ambo ya kijito na ndiye aliyekabidhiwa kuilinda ngitili. Mzee Masanja hakujua kusoma. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama mbele, akaigeuza akaitazama nyuma, akairudisha kwa mikono miwili. Akasema, "Haya." Baba alirudi amefurahi, akatuambia hawana neno. Mama akauliza mzee amesemaje hasa, baba akajibu, amesema haya. Nimeishi na neno hilo miaka mingi. Haya ni kukubali, na haya ni aibu. Baba alichukua lile alilolitaka.

Tulijenga nyumba ya tofali za udongo na bati sita, na baba akazungusha ua wa miiba, mpana kuliko tulivyohitaji, ukakata njia ambayo ndama hupita kwenda kijitoni. Mwanzo ilikuwa raha, siwezi kusema uongo. Mama alishona pazia. Alipanda maua mbele ya mlango, maua yasiyoliwa, na wapita njia walisimama kuyatazama wakifikiri ni dawa. Asubuhi baba alipanda baiskeli, suruali ameibana kwa pini ya nguo, na sisi tulimpungia mkono mpaka majani yakammeza. Lakini salamu zilianza kupungua. Nikipita na ndoo nikasema mwadila, wanawake waliokuwa wakizungumza walinyamaza, wakasubiri nipite, wakaendelea. Mama alipokwenda kuomba kaa la moto aliambiwa moto umezimika, na moshi ulikuwa unatoka juu ya paa la aliyesema hivyo. Kisimani tulichota mwisho. Watoto walituita Wakenya wa majani, wakatuuliza kama sisi tunacheua. Hawakutupiga, hawakutuibia, hawakututukana mbele ya baba. Walituacha tu. Kwetu huku kumwacha mtu ni adhabu iliyopangwa, ina wazee wake na ina siku yake ya kuanza, na aliyeachwa haitikiwi kwa salamu, kwa moto wala kwa yowe. Mama alidhani ni watu wasio na adabu. Baba alipoambiwa alisema watazoea. Mkataa wengi mchawi, na sisi tulikuwa tumewakataa wengi kabla hawajatukataa.

Kiangazi kilipofika, majani yakawa rangi ya simba, na harufu ile niliyoisema ikatuzunguka kutwa. Ilikuwa majira ya kuvuna pamba. Mchana mmoja baba akiwa kazini, mama alikuwa anashona chini ya kivuli cha paa na mimi nachambua mboga. Limi alikuwa na miaka minne. Alimfuata kuku aliyekuwa akitaga nje ya ua. Alirudi anatembea mwenyewe, halii, ameshika yai, akasema, "Mama, jani limeniuma." Mama aliinama kumtazama mguu, na mimi nikainama naye. Juu ya kifundo palikuwa na alama mbili ndogo, zimepishana nafasi ya kidole. Lile yai Limi alikuwa bado amelishika, akanipa mimi nimwekee. Mama alifunga mguu kwa utepe wa cherehani, akambeba hadi kwenye mlango wa ua, akapiga nduru.

Lazima nieleze sauti hiyo. Kwetu huku yowe, ambalo kwa Kisukuma huitwa mwano, hutoka kwa sauti iliyonyooka, ndefu, na kila aliyelisikia huacha kilicho mkononi akakimbia, hata kama ni adui wa aliyepiga. Kwao mama walipiga nduru kwa kugongagonga mdomo kwa kiganja, sauti inatetema. Ndivyo alivyofundishwa, na mtu akiogopa hupiga ya kwao. Aliipiga kuelekea ng'ambo ya kijito, akageuka akaipiga upande wa barabara. Nilikuwa nimesimama kando yake, na nilikuwa na macho mazuri. Kwenye shamba la Mzee Masanja palikuwa na watu kama kumi, kila mmoja amejifunga shuka kiunoni la kuwekea pamba. Waliinuka wote. Wakatazama upande wetu, mikono juu ya macho kukinga jua. Halafu mmoja akainama, na wa pili, na wote wakainama, wakaendelea kuchuma.

Mama akaniambia nikimbie. Nilivuka kijito, nikafika kwa Mzee Masanja mwenyewe, sikusalimia, nikasema, "Babu, nyoka amemuuma Limi." Hakuacha kuchuma. Vidole vyake vilikuwa vinatoa pamba kwenye vikonyo bila kuchanika, kazi nzuri kabisa. Aliongea taratibu, kwa Kiswahili ili nielewe vizuri.

"Nenda kaiite ile karatasi. Ije iwabebee mtoto."

Nilisimama pale. Sikujua karatasi inaitwaje. Aliyeondoka ni mkewe, Mama Minza. Alikuwa mistari miwili nyuma yetu. Alifungua fundo la shuka kiunoni, pamba yote ya asubuhi ikamwagika chini kwenye vumbi, akampita mumewe bila kumtazama, akaanza kukimbia. Alimchukua Limi mgongoni kutoka kwa mama, akashika barabara ya mjini, mama nyuma yake, mimi nyuma yao. Mama Minza alikuwa mtu mzima mwenye miguu mirefu, na alikimbia kama msichana. Tulipozifikia nyumba za kwanza za mji alipunguza mwendo. Alipunguza mwendo tu, na mama akaelewa.

Tulimzika Ngulyati, kwa shangazi. Kitongoji kizima kilikuja, maana adhabu ya kuachwa haifiki kaburini. Walikuja na unga na kuni, wanaume wakachimba, Mzee Masanja naye akashika jembe zamu yake ilipofika. Udongo ulipokwisha kurudi, mzee mmoja alisimama kwa niaba yao akamwambia baba kwamba walisikia sauti, lakini sauti ile ilitetema, wakadhani ni vigelegele. "Tulidhani mnashangilia," alisema. Hata barabarani, akaongeza, wanawake waliokuwa wanapita na mizigo walisikia, nao wakadhani hivyo hivyo. Labda wanawake wa barabarani walidhani kweli. Wa shambani hawakudhani. Lakini baba aliipokea habari hiyo kama mtu aliyetuliwa gunia. Alimgeukia mama mbele ya watu wote akamuuliza kwa nini hakupiga yowe kama watu. Nilikuwa nimekaa miguuni pa mama. Nilikuwa na maneno ya Mzee Masanja kinywani, yote, na nilikuwa na maneno ya shangazi ya Jumapili ile, Kaka, ile ni ngitili. Nikafungua mdomo. Shangazi akanibana bega, akaninong'oneza kwamba watoto hawasemi msibani. Nikaufunga. Kwa hiyo ikabaki hivyo, na mpaka leo wapo wazee wanaosema yule mama wa Kenya alimponza mtoto wake kwa kutojua kulia.

Tuliihama nyumba ile kabla mvua hazijaanza. Baba aling'oa bati zake sita, na ndama wakapita kwenye maua ya mama. Tukajenga Ngulyati, kati ya mbuzi na moshi, mahali ambapo mtu hawezi kujikuna, na baba akaendelea kwenda kiwandani kwa baiskeli, njia ndefu mara mbili, mpaka alipostaafu. Mama alijifunza Kisukuma chote, salamu zote, hata zile ndefu za kuulizana ukoo. Aliwafunulia watu vyungu na wao wakafunua vyake. Ila hakupaza sauti tena. Hakumwita mtoto kwa mbali, alimfuata. Siku ya harusi yangu wanawake walipopiga vigelegele nilimtazama. Alikuwa amejifunika mdomo kwa upindo wa khanga, akishikilia kwa mikono yote miwili kama mtu anayezuia jino linalouma. Alikufa bila kujua kwamba baba alikuwa ameambiwa kuhusu ngitili. Sikumwambia. Hilo nalo ni langu.

Binti yangu wa kwanza nikampa jina la Limi. Huyo ndiye anayerudi. Mumewe, mtu wa Bukundi, amepata kazi Bariadi mjini, na miezi miwili iliyopita Limi alianza kunitumia ujumbe wa sauti kwenye simu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayemwagiza fundi. Mama, tutafutie mahali nje kidogo ya mji, dakika kama ishirini kwa gari. Pawe na miti. Pawe patulivu. Majirani wasiwe wa kuingiliana sana, watoto wamezoea kulala mapema. Nilimuuliza kwa nini wasikae hapa Ngulyati karibu nami, akacheka kwa upole, akasema, "Mama, hapo kwako hata kupiga mswaki lazima uwe na mashahidi." Mama yangu aliyasema hayo hayo kwa maneno mengine, na huyu hakuwahi kuyasikia.

Dalali alinijia na pikipiki. Kijana msafi, viatu vimeng'aa, ananiita bibi kila baada ya maneno matatu. Alinionyesha viwanja viwili, nikavikataa kwa sababu kimoja kinakaa maji na kingine kimeuzwa mara mbili, nilijua. Akasema basi bibi, sasa nakupeleka kwenye kile kizuri. Tulipokata kona nilikijua kijito kabla hajasimamisha pikipiki. Migunga imebaki miwili. Majani yamebaki vipande vipande kati ya mawe ya mipaka yaliyopakwa rangi nyeupe, na nyumba sita au saba zimekwisha kusimama, kila moja ndani ya ukuta wake, na geti la chuma, na juu ya ukuta vipande vya chupa. Upepo ulileta harufu ile. Dalali akanyoosha mkono, akasema, "Bibi, hapa ni patulivu, hakuna atakayewasumbua." Nikamuuliza yeye ni wa nani. Akajibu, "Wa Masanja, bibi. Babu yangu ndiye alikuwa mwenye eneo lote hili." Nikamwambia babu yake hakuwa mwenye, alikuwa mlinzi. Akatabasamu kama mtu anayemvumilia mzee. Nikamuuliza nani amewaruhusu kuigawa ngitili. Akapiga kofi begi lake la mgongoni. "Wala usiwe na wasiwasi. Karatasi zote zipo."

Nilitembea mpaka pale ninapoamini mlango wa ua wetu ulikuwa, nikaweka mkoba chini, nikapiga yowe. Nililipiga la kwetu, lililonyooka, mwano wenyewe, asiweze mtu kusema kwamba hakuelewa. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua liko wazi. Kijana wa Masanja aliruka, akaniuliza bibi kuna nini, nikamwonyesha kidole anyamaze. Mbwa wawili walibweka nyuma ya geti. Pazia moja lilisogea, likarudi. Juu ya paa la nyumba inayomaliziwa palikuwa na fundi anapigilia bati. Aliinuka, akaweka mkono juu ya macho kukinga jua, akanitazama. Halafu akainama, akaendelea kupigilia.

Nimeyafikiria sana tangu siku hiyo, na sipendi ninapofikia. Watu wa Mzee Masanja waliniulia mdogo wangu, na sijawasamehe, na sidhani kama nitawasamehe. Lakini walikuwa na kitu walichokilinda. Walijua yowe ni nini, ndiyo maana kutoliitika kulikuwa adhabu. Na kati yao alikuwepo mmoja aliyemwaga pamba yake chini. Wajukuu zao wameuza kile kitu, na wamewauzia watu wanaolipia zaidi ili wasisikike na wasisikie. Yule fundi hakuniadhibu kwa lolote. Alisikia kelele, basi.

Jioni ile nilimpigia Limi nikamsimulia yote, kwanza jina lake limetoka wapi. Hakunikatiza. Nilimsikia analia, nikamwacha alie. Mwishowe aliniambia atazungumza na mumewe. Siku ya nne akarudisha jibu: kiwanja wamekichukua, hawakupata kingine cha karibu na mji namna hiyo, na mimi nisiogope, siku hizi si kama zamani. Nikamwambia vizuri. Siku mtakayohamia, kabla hamjashusha kitanda, mtatembea kwa miguu mlango hadi mlango, wewe na mumeo na watoto, mtasema mwadila, na geti lisipofunguka mtaliamkia geti. Alicheka, akafikiri natania. Halafu akanieleza kuhusu ukuta watakaojenga, na kifaa watakachofunga juu ya paa, chenye kitufe jikoni na kingine chumbani, hata mtoto anaweza kukibonyeza. Ni king'ora, mama, alisema. Kikilia kinasikika mpaka barabarani. Nilimwambia kwamba hilo sina shaka nalo. Hata mama yangu alisikika mpaka barabarani.